Uamuzi Uko Barazani

"Na jeneza litapita wapi?"

Mkubwa aliuliza hivyo akiwa kasimama mlangoni kwake, kaitanua mikono yote miwili, ncha za vidole zinakaribia kugusa nyumba ya huku na nyumba ya huku, kana kwamba waliokuwepo hawajui kichochoro chao kina upana gani.

Kidawa, jirani yake wa mlango kwa mlango, alikuwa upande wa pili, kanga kaifunga kibwebwe, mguu mmoja kaupandisha juu ya boriti zilizolazwa chini. "Jeneza la nani tena, Mkubwa? Mbona sote wazima."

Waliokaa barazani kwa Mkubwa wakacheka. Mkubwa hakucheka. Baba yake, Mzee Wakil, alikuwa kalala chumba cha chini, nyuma ya dirisha lililo juu ya baraza hiyohiyo, na tangu Ramadhani imalizike hajasimama kwa miguu yake. Kidawa aliliona kosa lake palepale, lakini neno lilikuwa lishatoka.

"La baba yangu," alisema Mkubwa, taratibu kabisa. "Ukishasimamisha magogo yako hapa katikati, siku Mungu akimtaka mja wake, mie nimpitishe wapi? Juu ya mapaa?"

"Na mama'ngu je? Ukuta ule ukishuka, yeye hatokuwa na haja ya jeneza. Tutamzoa kwa sepetu."

Hapo kicheko kikakatika, na kila mtu akainua macho kuutazama ukuta.

Nyumba ya kina Kidawa ni nyumba ya zamani, ya mawe na chokaa, ghorofa moja, ngazi nyembamba ya mbao na kamba ya kushikia. Ukuta wake wa kichochoroni ulianza kufanya tumbo mwaka juzi. Mwanzo ilikuwa maskhara. Wanawake wa mtaa wakipita humuuliza Kidawa mimba ya miezi mingapi, naye huwajibu kuwa baba mtoto kakimbia. Halafu ukaja ufa, ukapanda kutoka usawa wa kichwa cha mtu mpaka chini ya dirisha la chumba cha mama yake. Masika yaliyopita unga wa chokaa ulikuwa ukianguka juu ya kitanda kama mtu anayepepeta. Shaame, fundi wa Kitumbatu aliyezitia boriti nusu ya dari za mtaa ule, alikuja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema utiwe mihimili kabla ya mvua nyengine. Hakusema zaidi. Shaame ni mtu wa kuzungumza sana, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikomtia Kidawa homa.

Kumhamisha mama, Bi Zeyana, walijaribu. Yusra, binti yake Kidawa, ana chumba kizuri Mwanakwerekwe, cha chini, sakafu ya saruji. Wakamkalisha bibi kwenye kiti, vijana wawili wakambeba, na kiti kikanasa kwenye kona ya ngazi. Nyonga yake iliyovunjika zamani ikaguswa, akapiga ukelele uliotoa watu majumbani, kisha akazimia. Alipozinduka alisema kwa sauti ndogo kwamba ngazi ile ataishuka mara moja tu, na siku hiyo hatoulizwa. Tangu hapo hakuna aliyethubutu tena, na Kidawa hakutaka kulala pengine wakati mama yake yuko juu.

Lililomuumiza zaidi ni jambo ambalo mtu wa mbali angeliona dogo. Nyumba ya Bi Zeyana ilikuwa nyumba ya watu. Wakati wa chakula mlango haufungwi. Apitaye huitwa, aitwaye hupanda, na aliyepanda hashuki na njaa. Kidawa kakulia katika kelele hizo, na umbea wote wa mji ulipitia ukumbini kwao ukiwa bado moto. Tangu ufa ufike dirishani, watu wakiitwa husimama kichochoroni, huinua uso kwa heshima, na kusema, "Nshakula, bibi." Mtaa mzima umeshakula. Bi Zeyana, ambaye hawezi kufika dirishani kuuona ufa wenyewe, alikuwa akimuuliza Kidawa, "Wamekasirishwa na nini hawa?"

Basi Kidawa alikwenda serikalini. Kichochoro ni njia ya watu wote, huwezi kusimamisha gogo bila ya kibali, na kibali kilikuwa kikitoka wizarani. Alikwenda akarudishwa, akaenda tena. Sheha, mkuu wa mtaa, akamwambia jambo lile limempita kimo. Wizarani wakamwambia faili limekwenda kwa mkurugenzi, mkurugenzi kaenda semina, semina imezaa semina. Masika ya pili yakawa yananukia. Mpaka asubuhi ile alipomkuta afisa mmoja mpole, akamkalisha, akamwambia kwamba taabu yake imekwisha.

"Mambo ya vichochoro na kuta, bibi, sisi hatunayo tena," alimwambia. "Tumeyagatua. Serikali kuu imejitoa, imewarejeshea wananchi wenyewe. Uamuzi sasa uko kwenu hukohuko, uko barazani."

"Barazani?"

"Barazani. Kaa nao, waeleze shida yako. Wakikubali wao, hakuna wa kuwapinga."

Kidawa alilia mbele ya afisa yule. Maisha yake yote alisikia wanaume wakilaumiwa kuwa barazani ni pahala pa wavivu, pa kunywa kahawa na kusengenya watu, na yeye mwenyewe akilaumiwa kwa kusimama nao na kuchangia. Kumbe serikali imekaa, imetazama, imeona watu wa barazani ndio wanaojua ukuta gani una tumbo na nani mgonjwa. Aliona ni akili kubwa sana. Njiani alimhadithia kila aliyemjua na baadhi ya asiowajua, akapitia kwa Shaame kumwambia alete boriti, na ilipofika alasiri mtaa mzima ulishajua kuwa baraza ya kwa Mkubwa imepewa madaraka.

Na wenyewe walilipokea jambo kwa uzito. Waliokuwa wakilala chali juu ya baraza walikaa wima. Mtu mmoja alivaa kofia. Muuza kahawa aliambiwa apunguze kugonga vikombe kwa sababu kuna kikao. Kidawa akaeleza shida yake vizuri, kama alivyoagizwa, na wote wakatikisa vichwa, mpaka Mkubwa alipotoka ndani na kuuliza habari ya jeneza.

Sasa walikuwa wamekwama. Kila mmoja alimuonea huruma Bi Zeyana, na kila mmoja alijua kuwa kichochoro cha Mji Mkongwe, hata kiwe chembamba namna gani, lazima jeneza lipite, tena limebebwa mabegani kama inavyostahiki. Mtu anaweza kuvumilia pikipiki isipite. Maiti wa mzee wa watu kuzungushwa au kuinamishwa kama kabati, hilo halina wa kulitetea.

"Basi zining'inize hewani hizo boriti zako," alisema Mkubwa, na akageuka kuingia ndani.

Alisema kwa kejeli. Lakini Shaame, aliyekuwa kachutama pembeni, aliinua kichwa, akautazama ukuta wa Kidawa, kisha akautazama wa Mkubwa.

"Hewani zinakwenda," alisema. "Zilale. Kichwa kimoja kwenye tumbo hili, kichwa kimoja pale kwako. Chini njia wazi."

Watu wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Mkubwa, naye akafahamu kuwa mdomo wake mwenyewe umempeleka asikotaka.

"Yaani nyumba yake ije ilale juu ya yangu."

"Isilale," alisema Kidawa. "Iegemee kidogo tu."

"Kidogo. Na ukuta wangu ukichoka, nao uegemee wa nani?" Akamuuliza Shaame urefu wa kutoka chini. Shaame akasimama, akaweka kiganja usawa wa nyusi zake, akasema ndipo hapo penye tumbo, na juu yake upande wa Mkubwa ni dirisha, hapana mshiko. Mkubwa akapiga kofi moja. Ikiwa mtu mzima atapita kwa kuinama, aliwauliza wanabaraza, jeneza la mabegani litapita vipi? Wakarudi palepale.

Wanabaraza wakateta, wakapima, na mwisho yule mwenye kofia akasema kwa niaba ya wote kwamba aliye hatarini leo ni Bi Zeyana, boriti zitiwe. Kidawa alikuwa kashafungua mdomo kushukuru. Mkubwa aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji, akaimimina barazani toka mwanzo mpaka mwisho, wakubwa wa kikao wakaruka huku wamekamata nguo zao.

"Baraza ni yangu," alisema. "Kikao kimefungwa."

Ni katika mtafaruku ule ndipo Maryam, mke wake Mkubwa, aliposimama kizingitini. Maryam alisomesha Kiswahili skuli mpaka alipostaafu, na hana mazoea ya kuingilia maneno ya barazani. Alimuuliza Kidawa afisa alisema nini, neno kwa neno. Kidawa akamwambia: uko barazani.

"Alisema baraza yenu, au Baraza lenu?"

"Alisema barazani, shoga yangu. Hakusema zaidi."

Maryam akafumba macho kidogo. "Ni Baraza la Mji, Kidawa. La madiwani. Lile tulilolipigia kura. Redio inasema kila siku kuwa wizara inalikabidhi kazi zake."

Walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Aliyevaa kofia aliivua. Kidawa naye alicheka, maana hajawahi kuacha kicheko kimpite, lakini ndani aliona kitu kinamporomoka. Alijiona vile alivyopita sokoni akitangaza. Akakumbuka kuwa boriti zishakatwa kwa kipimo, na mbinguni upande wa kusini kumefunga kweusi.

Asubuhi yake akaenda Baraza la Mji, lile lenye la.

Lilikuwa limepewa jengo ghorofani, juu ya lililokuwa ghala, viti bado vimo ndani ya nailoni zake. Diwani wa mtaa wao, Shamsi, alikuwa peke yake, anahangaika na pangaboi lisilozunguka. Alipomuona Kidawa alifurahi kweli. Kidawa ndiye aliyempigia kampeni mlango kwa mlango, ndiye aliyempikia wageni, na ni nyumba ya Bi Zeyana iliyompa uji alipokuwa mdogo na mama yake yuko kazini. Alimwita Bi Kidawa, akamtolea kiti kwenye nailoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akajikuna shingo.

Mamlaka tumepewa, alimwambia, hilo ni kweli, na vichochoro ni vyetu. Lakini sheria ya zamani ilikufa siku ya makabidhiano, na kanuni mpya hazijapitishwa. Zitapitishwa kikao cha kwanza, na kikao cha kwanza kinangoja muhuri, na muhuri unangoja jina rasmi la Baraza, ambalo halijakubaliwa. Akitia saini leo, saini yake ni ya mtu aliyekaa kwenye kiti tu. Wizarani je? Kidawa akasema amepitia huko kwanza, asubuhi hiyohiyo. Afisa mpole alimkumbuka, akasikitika, akamwambia wakitoa kibali wao watu watasema serikali kuu imetoa kwa mkono wa kulia inanyang'anya kwa kushoto. Kidawa alimuomba ajisahaulishe kidogo, ajifanye bado ni mwezi uliopita. Afisa alisema laiti.

"Kwa hivo baina ya huku na huku hakuna mtu," alisema Kidawa.

"Kwa sasa, Bi Kidawa, pana shimo."

"Na mie nimo ndani ya shimo hilo na mama'ngu."

Shamsi aliinamisha uso. Ndiye mtu waliyemtaka, wa kwao, aliyekula kwao. Miaka yote walikuwa wakilalamika kuwa wanaoamua hawajui hata njia ya kufika mtaani. Huyu anaijua. Anaijua ngazi na kamba yake. Alimsindikiza Kidawa mpaka mlangoni na kumwambia jambo la mwisho kwa sauti ya chini, akimpa kama nasaha: asije akatia chochote kabla ya kibali, kwa sababu jambo la kwanza ambalo Baraza litapimwa kwalo ni kama linaweza kuondoa vilivyojengwa njiani bila ruhusa. "Na atakayetumwa kuja kuondoa ni mimi," alisema.

Kidawa alirudi kwa miguu. Mara hii hakumsimamisha mtu njiani, na waliomjua walishangaa.

Mvua ikaanza siku ya pili yake, asubuhi, watu wanakunywa chai. Haikuwa na radi wala upepo, ilimwagika tu kama iliyofunguliwa. Kidawa alikuwa akimsuka mama yake nywele aliposikia mlio, si mkubwa, kama mtu kaburuta gunia. Halafu kishindo chini. Kitanda kikatikisika. Bi Zeyana akauliza nani kapiga mlango namna hiyo.

Alishuka akiwa kashika kamba kwa mikono miwili. Pande la ukuta, mawe na chokaa iliyolowa, lilikuwa limebanduka kwenye tumbo na kuangukia baraza ya Mkubwa. Baraza ilikatika katikati. Ingekuwa siku kavu, wangekuwa wamekaa pale wale wote, na kofia yao. Mahali lilipobanduka palikuwa pamekaa shimo jeusi linalotiririka maji.

Mkubwa alitoka na shati la ndani, akatazama baraza yake, akatazama juu. Kidawa alijiandaa kwa matusi. Hakutukanwa. Alijikuta amepiga magoti kwenye maji, kaikamata miguu ya jirani yake, mwanamme aliyecheza naye kombolela utotoni, na anasema maneno ambayo hakuyapanga.

"Mkubwa, ntakuwa mtumwa wako. Mama'ngu yuko juu pale. Siwezi kumshusha na siwezi kumwacha. Nitie kisu unitoe roho, lakini niazime ukuta wako."

"Inuka, Kidawa."

"Siinuki."

"Inuka, watu wanatazama." Alimwambia kuwa hata yeye halali. Kwamba baba yake kila usiku humshika mkono na kumuuliza kama njia iko wazi. Hajamuomba kingine chochote duniani mzee yule. Alikuwa mshika jeneza wa mtaa, kawatoa watu wote wa kichochoro kile mabegani mwake, na anataka kutolewa vivyo hivyo. "Nimemuahidi," alisema Mkubwa. "Nifanye nini mie? Nimemuahidi."

Dirisha la chini lilikuwa wazi. Kutoka ndani ikatoka sauti iliyokwaruza, ikimwita mwanawe. Mkubwa akaitika naam, akasogea kwenye nondo. Kidawa naye akasogea, akiwa kalowa mpaka kiunoni.

Mzee Wakil alikuwa kageuzia uso ukutani. Aliuliza nani anayelia. Mkubwa akamwambia. Aliuliza ni Zeyana aliyeangukiwa, akaambiwa bado.

"Hizo boriti," alisema. "Zinafika wapi?"

"Usawa wa nyusi, baba. Usawa wa nyusi za Shaame."

Mzee akapumua. Kidawa aliuona mgongo wake mwembamba ukipanda na kushuka chini ya shuka.

"Basi nibebeni mikononi," alisema. "Chini chini. Mkishatoka kichochoroni ndo mnipandishe mabegani. Mie si mzito siku hizi."

Mkubwa alishika nondo za dirisha. Alipogeuka hakumtazama Kidawa. Alimwambia tu akamwite Shaame, na amwambie aje na watu, sasa hivi, mvua hivyo hivyo.

Walitia boriti kabla ya adhuhuri. Shaame alizikaza kwa kabari za mti mgumu, akipiga nyundo polepole, kila pigo watu wote wanabana pumzi, maana ukuta wa Kidawa ulikuwa ukinung'unika na wa Mkubwa ukatoa vumbi. Ya mwisho ilipokaa, Shaame aligonga tena kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kidawa akamuuliza itasimama? Akasema kwa mvua ya leo, inshaallah. Ya kesho hakuahidi.

Na hapo Kidawa akafanya lililo tabia yake. Alipokuwa akisubiri wali uive alichukua simu, akarekodi sauti ndefu na kuitia kwenye kundi la mtaa, akimshukuru Mkubwa kwa jina, Maryam kwa jina, Mzee Wakil kwa machozi, akieleza boriti zilivyokaa na zilivyokazwa. Sauti ile ilisambaa, ikaenda kundi hadi kundi. Mpwa wake aliyeko hotelini Kiwengwa aliipata kutoka kwa mtu asiyemjua. Bado sufuria iko jikoni, mtu akaingia kichochoroni na mwavuli.

Alikuwa Shamsi. Alisimama kabla ya boriti ya kwanza, suruali imelowa mpaka magotini, uso kama wa mgonjwa. Milango ikafunguka. Mkubwa akatoka, Maryam nyuma yake. Kidawa akashuka mbio, mkono bado una mwiko.

"Bi Kidawa," alisema Shamsi, "nilikwambia."

"Uliniambia."

"Napigiwa simu kutoka wizarani. Wananiuliza, hivi ndivyo mtakavyoendesha? Siku ya kwanza tu?" Alisema kikao kimewekwa Jumatatu na watakuja kutazama. Akiziacha, kila mwenye uchochoro atasimamisha gogo lake, na watasema waliochaguliwa hawawezi, bora madaraka yarudishwe juu. Akizitoa… Aliinua macho kwenye shimo jeusi, na maji yanayotoka humo yakamdondokea kwenye mwavuli.

"Ukitaka kuitoa," alisema Mkubwa, "itoe kwa mkono wako mwenyewe. Usilete mtu. Na uanze na kichwa cha upande wangu, nikuone."

Shamsi aliinua mkono, akaishika boriti ya kwanza. Labda alitaka tu kujua imekaza vipi. Kidawa aliuona mkono ule, safi, wa mtu wa ofisini, juu ya mti ulioshika nyumba yao yote. Maneno yake yote, ya wizarani, ya barazani, ya Barazani, yalikuwa yamemuishia.

"Kidawa." Ilikuwa sauti ya Bi Zeyana kutoka juu, kutoka chumba kile kile. "Nasikia kiatu kigeni. Nani huyo?"

"Diwani, mama. Shamsi. Wa Baraza."

"Wa baraza?" Kitanda kikalia juu kule. "Sasa mtu wa baraza anakaaje nje na mvua hii? Kashakula?"

Kidawa akamtazama Shamsi, na Shamsi alikuwa kafungua mdomo, na neno lenyewe Kidawa akaliona linakuja, neno la mtaa mzima, lishafika kwenye ulimi. Mkono wake ulikuwa bado juu ya boriti. Kisha akaufunga mdomo.

Kidawa akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akasimama kando ya ngazi, na kumnyooshea ile kamba.

"Umemsikia mwenyewe, mwanangu," alisema. "Wali ushaiva. Panda tule."